Barua Iliyochelewa Wiki Sita

Kila siku saa 3 asubuhi kuna mzee mmoja upande wa Tarime anayeshuka ukingoni mwa Mto Mara, anasoma namba kwenye ubao uliosimikwa majini, anaandika kwenye daftari, kisha anarudi shambani kwake. Saa 9 alasiri anashuka tena. Yeye ni msoma kipimo. Posho yake ya mwezi mzima haikufika gharama ya chai na vitafunwa vya semina yetu moja ya siku moja. Mwaka 2020 semina zote zilipokufa kwa sababu ya korona, daftari lake halikuruka hata siku moja.

Mimi nilikuwa ofisa wa fedha na usaidizi katika sekretarieti ndogo ya mradi wa pamoja wa maji kati ya Kenya na Tanzania. Meza yangu ilikuwa Musoma. Sikuchimba kisima wala sikupanda mti. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wanaochimba na wanaopanda: kuwapelekea fedha, kupokea marejesho ya masurufu, yaani hesabu za fedha walizotanguliziwa, kujibu maswali yao, kuwakumbusha tarehe. Fedha zenyewe zilikuwa za umma. Sehemu ilitoka kwenye bajeti za serikali zetu mbili, na sehemu kubwa kwa walipakodi wa nchi wafadhili. Kila senti ilikuwa na fungu lake, na kila fungu lilikuwa na mkaguzi anayelisubiri.

Mto Mara hauna habari na mpaka. Unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui huko Mau, Kenya, mito ya Amala na Nyangores inakutana, unapita Maasai Mara na kuingia Serengeti, unatawanyika kwenye mabwawa ya Masurura, kisha unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Ni kilomita 395 hivi, na karibu theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya. Msitu ukikatwa Bomet, tope linamfikia anayeteka maji Butiama. Ndiyo maana kila kitu kwetu kilikuwa na pacha: kikundi cha watumia maji huku na kikundi kule, mratibu huku na mratibu kule, mhasibu huku na mhasibu kule. Hakuna fedha iliyotoka bila saini za pande mbili, na saini zilitiwa kwenye vikao. Mradi mzima ulijengwa juu ya watu kupanda gari, kuvuka mpaka pale Sirari na Isebania, na kuketi meza moja.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Sisi tukatangaza wa kwetu tarehe 16. Kikao cha pamoja cha robo mwaka kilikuwa kifanyike Bomet wiki iliyofuata. Ukumbi ulishalipiwa malipo ya awali, magari yalishajazwa mafuta. Nilikiahirisha kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, nikidhani tutakutana baada ya Pasaka.

Wiki chache zilizofuata nchi zetu mbili zilishika njia mbili. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, ikafunga shule, ikazuia mikusanyiko, mazishi yakawa ya watu wasiozidi 15. Kwetu shule zilifungwa pia, lakini makanisa na misikiti ilibaki wazi, na tangu mwisho wa Aprili takwimu za mara kwa mara za wagonjwa zilisimama upande wa bara. Kila aliyeishi wakati ule anakumbuka jinsi mazungumzo yalivyokuwa magumu. Katika simu zetu za pamoja nilisikia wenzetu wa Bomet na Narok wakinyamaza kila tulipotaja kukutana. Hawakutaka kutukosea heshima, nasi hatukutaka kuongelea mambo yaliyo juu ya mamlaka yetu. Ukimya ule uliniogopesha kuliko ugomvi.

Aliyetutoa hapo ni mratibu wetu wa Tanzania, mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu. Alisema kwenye simu, kwa sauti yake ya taratibu: "Jamani, serikali zetu zina wenyewe. Sisi tuna mradi. Tukubaliane kwamba ndani ya mradi, ikiwa kanuni za pande mbili zinatofautiana, tunafuata iliyo kali zaidi, huku na kule." Ilichukua dakika tano kukubaliwa. Tangu siku ile timu ya Tarime ilivaa barakoa na kukutana watu wachache nje chini ya mti, ingawa hakuna aliyewalazimisha, na timu ya Bomet ikaacha kuwa na wasiwasi nasi. Kama leo ningeulizwa na anayesimamia mradi wa nchi mbili aanzie wapi siku ya kwanza ya janga, ningemwambia aanzie hapo, kabla ya bajeti na kabla ya ripoti.

Nije sasa kwenye kosa langu.

Tarehe 2 Aprili nilipokea barua kutoka kwa kikundi cha watumia maji cha kata moja ya Tarime, wengi wao wanawake. Iliandikwa kwa mkono, ikapigwa picha, ikatumwa kwa WhatsApp. Walikuwa na fungu la semina ya utunzaji wa vyanzo vya maji. Semina haiwezekani, walisema, basi waruhusiwe fedha hiyo waitumie kutengeneza vibuyu chirizi, yaani vidumu vya kunawia vinavyoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kwenye visima vyote vya kata, kununua ndoo na sabuni, na kushona barakoa za vitambaa. Walikuwa wamepiga hesabu mpaka idadi ya vidumu na mita za kamba. Ilikuwa barua nzuri kuliko maandiko mengi niliyopokea kutoka kwa watu wenye shahada.

Niliwajibu: subirini kamati.

Nilikuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni. Kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda lingine kulihitaji kibali cha kamati ya uongozi, na kamati, kwa mujibu wa hati ya makubaliano, ilikuwa "ikutane" na akidi itimie kutoka pande zote mbili. Neno lile moja ndilo lililotufunga. Wajumbe wenyewe walishindwa kuelewana kama kukutana kwa simu ni kukutana. Mmoja alitaka ushauri wa mwanasheria. Mwingine alikuwa hana intaneti ya kutosha kufungua Zoom. Nami, niliyekuwa na namba zao zote, niliandika barua pepe za ukumbusho zenye adabu na kusubiri. Nilipata majibu wiki sita baadaye.

Katika wiki hizo nilifanya jambo moja la maana, nalo lilinijia kwa bahati. Nilimpigia simu mhasibu wa upande wa Bomet kuuliza kwa nini marejesho yake yamesimama. Alikuwa nyumbani na watoto watatu, shule zimefungwa, kompyuta ya ofisi imebaki ofisini. Tuliongea karibu saa nzima. Mwishoni akaniambia: "Dadangu, hii korona naiogopa. Lakini hata nikipona, mkaguzi atanipata tu."

Sikulala vizuri usiku ule. Tulikuwa tumedhani kwamba watu wamekwama kwa kukosa fedha, au vifaa, au bando. Kumbe karibu kila mtu chini alijua la kufanya. Mzee wa kipimo alijua, akina mama wa Tarime walijua, huyu mhasibu alijua. Kilichowazuia ni kwamba hakuna aliyetaka kubeba peke yake uamuzi ambao miaka 2 baadaye utakuja kupekuliwa na mtu asiyekumbuka tena hofu ya Aprili 2020. Hofu ile haikuwa ya kijinga. Nimemwona mtumishi mwaminifu akikatwa mshahara kwa sababu ya risiti iliyopotea kwenye mvua. Sisi wa sekretarieti tuliwapigia simu za pole, tukawatumia vipeperushi vya kunawa mikono, tukawaambia "kuweni wabunifu." Maneno hayo hayana saini. Mhasibu hawezi kuyaambatanisha kwenye hati ya malipo.

Kesho yake nikaanza kuandika. Nilitaka iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ili isomeke kwenye simu. Nilianza na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya leo bila kumuuliza yeyote: kununua vocha na bando kwa kazi ya mradi kutoka fungu la safari, kulipa posho za wasoma vipimo kwa simu, kununua vitu vidogo kwenye duka la kijiji lisilo na mashine ya risiti, mradi kuwe na maelezo yaliyosainiwa na picha. Kisha yale ambayo mtu anapiga simu, nasi tunamjibu kwa maandishi ndani ya siku 2, jibu lisipokuja ahesabu amekubaliwa: kuhamisha fedha za semina kwenda shughuli ya usafi au ya maji, kubadilisha mahali, kubadilisha mzabuni aliyefunga biashara. Na mwisho yale yasiyoguswa mpaka kamati iamue, ambayo yalikuwa machache. Chini kabisa niliandika kwamba anayefuata barua hii kwa nia njema, gharama yake imekubaliwa, na mkaguzi akiwa na swali aanze kutuuliza sisi.

Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyopigwa vita. Mkuu wangu aliifuta mara mbili, nikairudisha mara mbili. Mara ya tatu aliniita, akaniuliza kama naelewa maana yake. Nikamwambia naelewa: maana yake ni kwamba kama kuna shingo ya kukatwa, ni zetu sisi tulio na kiyoyozi na mwanasheria. Alikaa kimya, akaiacha. Wenyeviti wawili wa kamati walikubali kwa maandishi, kila mmoja kwake, na barua ikasainiwa tarehe 15 Mei 2020. Mhasibu wa Bomet aliniambia aliichapisha na kuibandika ukutani.

Siku iliyofuata, tarehe 16 Mei, Uhuru Kenyatta, Rais wa Kenya wakati ule, alitangaza kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa kwa watu, isipokuwa mizigo, na madereva lazima wapimwe. Foleni za malori zikarefuka pande zote.

Na ni wiki hiyohiyo maji yalipokuja. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaonekana kwa miaka mingi. Katikati ya Mei kipimo cha Ziwa Victoria kule Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi iliyodumu tangu 1964. Musoma mawimbi yaliingia kwenye majengo ya ufukweni, Kirumi maji ya ziwa yalisukuma mto urudi nyuma, mashamba ya pembeni yakawa ziwa. Juu zaidi, kwa mzee wetu, mto wenyewe ulipanda mpaka ukauzamisha ubao wa kipimo. Hakuna mtaalamu aliyeweza kufika. Wa Kenya walikuwa wamezuiwa na mpaka, wa kwetu barabara zilikatika.

Mzee hakusubiri mtaalamu. Alichukua misumari na kopo la rangi nyekundu, kila asubuhi na kila alasiri akapigilia msumari kwenye mti wa ukingoni mahali maji yalipofika, akaandika tarehe kwa rangi. Maji yaliposogea akahamia mti mwingine. Mjukuu wake alipiga picha kwa simu na kunitumia. Mto uliposhuka, mpima ardhi wa wilaya alikuja na kifaa chake, akapima urefu wa kila msumari na kuuhusisha na ubao wa zamani, tukapata urefu wa mafuriko siku kwa siku. Wenzetu wa Bomet walizilinganisha namba hizo na kipimo chao cha Nyangores, wakaweza kuona ni muda gani maji yanachukua kutoka juu mpaka kwetu. Semina zetu zote za miaka miwili hazikuwahi kutupa kitu cha thamani kama ile misumari.

Kopo la rangi na misumari alivinunua kwa fedha yake, kwenye duka lisilo na risiti, tarehe 18 Mei. Kwa kuwa barua ilikuwa ya tarehe 15, nilimrudishia fedha yake kwa M-Pesa siku hiyohiyo. Siku 3 tu. Ingekuwa mvua imetangulia wiki moja, nisingeweza.

Na hapo ndipo nilipowakumbuka akina mama wa Tarime. Niliwapigia simu kwa furaha kuwaambia kibali kimetoka. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "vibuyu chirizi vilishawekwa tangu Aprili. Tulitoa kwenye VICOBA." Shilingi 640,000. Walikuwa wamekopesha mradi wa serikali mbili na wafadhili wake kutoka kwenye kisanduku cha akiba chenye kufuli tatu, fedha za ada za shule na mbegu, kwa sababu maradhi hayawezi kusubiri kamati.

Kanuni ilisema gharama iliyofanyika kabla ya kibali haikubaliki. Barua yangu ilisema inaanza kutumika tarehe ya kusainiwa. Ningeandika tu kwamba inaanza kutumika tangu tarehe 16 Machi, siku ugonjwa ulipotangazwa nchini, kila kitu walichotumia kingekuwa halali. Ni mstari mmoja. Nilipigania sentensi ya shingo kwa wiki nzima, na tarehe nikaiandika kwa mazoea, kama mtu anavyoandika tarehe juu ya barua yoyote. Nilijaribu kuirekebisha. Kamati ilikataa, nami nawaelewa: hati iliyokwisha kusainiwa ukiirudisha nyuma, inanuka kughushi, na ingeweza kuichafua barua nzima ambayo watu wengine walikuwa tayari wanaitegemea.

Juni ilikuwa na mbio zake. Mwaka wa fedha wa nchi zote mbili unafungwa tarehe 30 Juni, na fungu la safari lilikuwa limekaa limejaa kama tanki. Wakati kama huo mapendekezo hayakosekani: tununue samani, tununue kompyuta mpakato kwa wajumbe. Sisi tulikuwa tumeomba tangu Aprili kuongezewa muda bila kuongezewa fedha, tukakubaliwa miezi 6. Mradi mwingine niliokuwa nikishauriana nao uliomba Juni katikati, foleni ikawa ndefu, fedha yao ikarudi hazina. Ukiona mwezi wa kwanza umepotea, omba muda mwezi huohuo. Si lazima ujue utauhitaji kiasi gani.

Kuhusu mpaka, kulikuwa na kishawishi ambacho sipendi kukiongelea lakini kilikuwepo. Pale Sirari na Isebania Wakurya ni ndugu wa pande zote mbili, mashamba yanagusana, na njia za panya zinajulikana na kila mtoto. Kijana wetu mmoja alinipigia akasema anaweza kwenda kuchukua nyaraka upande wa pili na kurudi kabla ya chai. Nyaraka zilihitajika, saini halisi zilidaiwa. Nikamkataza. Alikasirika, akaona nampendelea mkaguzi kuliko kazi. Nilimwambia kwamba akikamatwa ataitwa mtu wa mradi, na akileta ugonjwa kijijini ataitwa mtu wa mradi, na vyote viwili havifutiki. Nyaraka zilikuja Julai ndani ya bahasha, kwa dereva wa lori la mizigo aliyepimwa na kuwa na cheti chake.

Lori hilohilo lilileta sanduku la kifaa kinachopima kimo cha maji chenyewe, kilichokwama Nairobi tangu jiji lilipofungwa tarehe 6 Aprili mpaka mwanzoni mwa Julai. Kifaa kiliruhusiwa kuvuka, fundi wake hakuruhusiwa. Na barua ya msamaha wa kodi ilikuwa imeisha muda tarehe 30 Juni, ikabidi tuanze upya, sanduku likae forodhani siku 11. Siku ya kukisimika, mtandao haukuwa na nguvu kule mtoni kuweza kuongea kwa video. Fundi wa Nairobi akajirekodi vipande vifupi, kila kimoja hatua moja, fundi wetu wa Tarime akavishusha akiwa mlimani, akateremka navyo mtoni, akafanya, akapanda tena kuuliza. Siku mbili. Mwaka wa kabla yake tungemlipa fundi nauli, hoteli na posho ya siku 4, na wa Tarime angesimama pembeni akiangalia. Sasa kifaa kikiharibika anakifungua mwenyewe.

Mwaka 2021 ulianza vibaya. Februari watu walikuwa wanazikwa kila wiki, na neno lililotumika misibani lilikuwa "changamoto ya upumuaji." Tarehe 17 Februari tulimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wiki kadhaa kabla kwamba ana korona. Siku chache baadaye tulimpoteza mratibu wetu, yule aliyetupatia kanuni ya kufuata iliyo kali zaidi. Aliugua siku 9. Msibani walisema changamoto ya upumuaji, na mimi sina la kuongeza. Wenzetu wa Bomet walifuatilia mazishi kwa simu ya mkononi iliyoshikwa na mpwa wake, mtandao ukikatika na kurudi. Mhasibu wa kule alilia kwa sauti, sote tukamsikia.

Jumatatu yake nikagundua kwamba akaunti ya upande wa Tanzania ilikuwa na watia saini wawili, naye alikuwa mmoja wao. Benki ilitaka muhtasari wa kikao cha kumteua mwingine. Kikao kilihitaji fedha ya kuwafikisha wajumbe. Fedha ilikuwa ndani ya akaunti. Kwa siku 23 wasoma vipimo hawakulipwa, na mzee wa Tarime aliendelea kushuka mtoni saa 3 na saa 9. Naona aibu kuandika kwamba mwaka mzima wa janga tulifikiria mpaka, barakoa, intaneti, na hatukufikiria kwamba mmoja wetu anaweza kufa. Kuweka mtia saini wa tatu ni fomu moja na picha mbili za pasipoti. Tangu hapo, mradi wowote unaokuja mbele yangu naanza kwa kuuliza nani anasaini, na wa pili ni nani, na wa tatu ni nani. Wengine wanaona nawachuria.

Mkaguzi alikuja Novemba 2021. Alikuwa kijana mpole, aliyesoma barua ya ukurasa mmoja mara mbili kisha akaomba nakala. Picha za misumari alizikubali. Vocha na bando alivikubali, isipokuwa mwezi mmoja ambao orodha ya namba za simu haikuambatanishwa. Malipo ya awali ya ule ukumbi wa Bomet aliyakataa, kwa sababu hatukuwahi kuandika kuyadai, ingawa tulijua mwenye ukumbi hana uwezo wa kurudisha. Angalau barua ya kudai ingekuwepo, alisema. Nilikubali. Ilikuwa haki yake.

Shilingi 640,000 hazikuwa kwenye vitabu, kwa hiyo hakuziuliza. Nilimweleza mwenyewe. Aliandika kwenye daftari lake, na kwenye ripoti yake akapendekeza kwamba mikataba ijayo iseme wazi kuwa gharama za dharura zinatambuliwa tangu siku dharura inapotangazwa. Kifungu hicho kimo sasa kwenye mkataba wa awamu mpya. Hakirudi nyuma.

Desemba nilikwenda Tarime kuwaambia uso kwa uso. Sikutaka wasikie kwa simu. Tulikaa chini ya mwembe, kibuyu chirizi kimoja kikiwa pale karibu na kisima, kamba yake imebadilishwa mara kadhaa, mtoto akikanyaga kijiti na kunawa. Nilieleza yote, pamoja na ile tarehe niliyoiandika vibaya. Mwenyekiti alisikiliza, akamtuma binti alete kisanduku. Wakafungua kufuli tatu. Akatoa daftari la kikundi, akaligeuza upande wangu, akanionyesha ukurasa wa Aprili 2020. Kwenye safu ya matumizi iliandikwa "ndoo, sabuni, kitambaa," na kiasi. Kwenye safu ya marejesho hapakuandikwa kitu.

"Tumeacha wazi," akasema. "Tukiandika sifuri hapa, itakuwa tumesema yamekwisha."

Akalifunga daftari, akalirudisha kisandukuni, na wale wanawake watatu wenye funguo wakafunga, kila mmoja kufuli yake.